Mwanamke wa Mti, Miguu ya Mwanamume

Juu ya Ndanda umesimama ukingo mrefu wenye miti. Ukishaupanda umeingia katika uwanda wa Makonde, na uwanda huo unakwenda mpaka Newala, ardhi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kuonekana chini, Msumbiji ikiwa ng'ambo. Katika vijiji vya huko, siku wari wanapotolewa jandoni, mwanamume anaweza kutokea mbele ya kadamnasi akiwa na matiti, kitovu kilichochomoza na tumbo la mimba iliyokomaa, na asizomewe na mtu. Hupigiwa vigelegele. Akina mama humfuata kwa nyimbo, watoto humkimbia na kumrudia, na wazee humtazama miguu kuona kama kazi anaijua. Kesho yake mtu yule yule yuko shambani, anapalilia mikorosho kama jirani zake, na hakuna anayemtania kwa yale ya jana.

Swali ninalotaka kulichambua ni hili: mchezaji huyu anamfanyia nini mwanamke anayemwigiza? Anamdhihaki, anamtisha, anamheshimu, au anamnyang'anya nafasi yake uwanjani? Waliowahi kuandika juu ya vinyago vya Kimakonde wamelijibu kwa namna zinazopingana, na kila mmoja alikuwa na ushahidi wake. Mimi naona jibu haliko kwenye mti, wala haliko kwa mchezaji peke yake. Liko kwa wanawake waliosimama kumzunguka, kwa kuwa wao ndio wanaojua mwenye mimba anavyotembea. Ngoma hii ilipata nguvu kwa kuchezwa mbele ya watu wenye uwezo wa kuikosoa. Ikipelekwa mahali ambapo watu hao hawapo, inakuwa ngoma nyingine, hata kama kinyago ni kile kile na wapigaji ni wale wale.

Tuanze na chombo chenyewe. Kinyago cha kiwiliwili huchongwa kutoka kipande cha mti mwepesi, kikachimbwa ndani mpaka kikabaki ganda la kuvaliwa kifuani na kufungwa kamba mgongoni. Mpingo, ambao ndio uliowapa wachongaji wa Kimakonde jina duniani, haufai hapa. Ni mzito mno kuchezewa. Mbele ya ganda hilo kuna matiti na tumbo, na juu ya tumbo kuna chale zilizochongwa au kubandikwa kwa nta ya nyuki, kwa mpango ule ule wa chale walizochanjwa wanawake wa zamani. Usoni huvaliwa kinyago cha pili. Katika vile vya kale utaona mdomo wa juu umetokezwa na ndona, pambo la mdomo walilovaa mabibi wa vizazi vilivyopita, na mara nyingine nywele za binadamu zimepachikwa kichwani. Upande wa Tanzania kinyago hufunika uso tu. Upande wa Msumbiji huvaliwa kama kofia inayomeza kichwa chote, na mchezaji huchungulia kupitia mdomo wake. Wenyewe huviita midimu au mapiko, na kimoja cha mapiko huitwa lipiko. Chini ya yote hayo kuna nguo, nguo na nguo, mpaka vidole vya mikono na miguu visionekane. Ngozi ya mtu haitakiwi kuonekana hata kidogo.

Kisha huja mchezo. Mwanamke huyu wa mti kwa kawaida hatoki peke yake. Huwapo kinyago cha kiume kinachomwandama. Ngoma zikianza, yeye huonyesha mimba na uchungu wake: hatua fupi, uzito unaohama kutoka nyonga moja kwenda nyingine, kusimama ili kupata pumzi. Kijana aliyetoka jandoni asubuhi hiyo, ambaye kwa majuma mengi amefundishwa jinsi ya kuwa mume na baba, anaonyeshwa kwa macho kile ambacho mkewe atakibeba. Hili ni somo la uzazi, na linafundishwa na mwanamume kwa wanaume wenzake huku wanawake wakiangalia kama analikosea.

Kwa nini mimba, na si urembo? Jamii nyingi duniani zenye wanaume wanaoigiza wanawake huchagua uzuri, ulegevu, sauti nyororo. Uwanda huu ulichagua tumbo. Hapa inafaa kukumbuka simulizi ya asili yao, ambayo Wamakonde wameisimulia kwa namna mbalimbali na ambayo ilikwisha kuandikwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kiumbe mmoja asiyeoga wala kunyoa alitoka porini, akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha. Usiku sanamu ikawa mwanamke, naye akawa mkewe. Wakashuka Ruvuma kuoga, mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakapanda juu kidogo, akajifungua tena mtoto mfu. Walipofika juu kabisa, kwenye uwanda, mtoto wa tatu akaishi. Tangu hapo ikawa kwamba wakae juu, mbali na maji makubwa.

Anayeijua nchi ile ataona uzito wa uamuzi huo. Uwanda wa Makonde hauna mito. Mvua inanyesha, mchanga unaimeza, na maji yanakuja kutokea tena chini ya kingo zake. Ndiyo maana Ndanda ina chemchemi na vijiji vilivyo juu yake vilikuwa havina. Kabla ya mradi wa mabomba wa miaka ya 1950, maji ya kunywa ya Newala yalipanda mteremko juu ya vichwa vya wanawake, wenye mimba na wasio na mimba. Ukoo ulichagua mahali ambapo watoto wanaishi, na gharama ya uchaguzi huo ikabebwa na mama. Mwanamume anayevaa tumbo la mti na kutembea kwa kulemewa anaigiza hali ambayo kila mtazamaji wa kike ameibeba kwa shingo na kiuno chake. Na yeye mwenyewe amemvaa mwanamke wa mti, kama yule wa kwanza. Siwezi kuamini kwamba simulizi na kinyago vilikutana kwa bahati.

Zaidi ya hayo, Wamakonde, kama Wayao, Wamakua na Wamwera wanaopakana nao, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mamake, na mjomba ndiye mwenye kauli. Mume katika mpango huo ni mgeni anayehitajika: bila yeye hakuna mtoto, lakini mtoto si wa ukoo wake. Mtafiti Mtanzania J.A.R. Wembah-Rashid, aliyeandika juu ya wachezaji wa vinyago wa Tanzania na Msumbiji mwaka 1971 na baadaye juu ya historia ya makabila haya ya ukoo wa mama, alitupatia picha ya jamii ambamo vinyago ni sehemu ya malezi na si burudani iliyoning'inizwa pembeni.

Lakini kuna upande wa pili, nao si mtamu. Watafiti Jorge na Margot Dias, ambao utafiti wao kwenye uwanda wa Mueda, Msumbiji, mwishoni mwa miaka ya 1950 ulizaa juzuu nne zilizochapishwa kati ya 1964 na 1970, waliiona ngoma hii kama silaha ya wanaume. Wanawake na watoto waliambiwa kwamba lipiko si mtu, ni mfu aliyefufuka au zimwi lililoitwa. Siri hiyo ilifichuliwa kwa mvulana jandoni tu: alisogezwa mbele ya kinyago, akatetemeka, kisha akaamriwa kukabiliana nacho mpaka agundue kwamba ndani yuko mtu wa kijijini kwao. Kuanzia hapo naye akawa mshiriki wa siri. Vinyago viliwekwa vichakani, mahali ambapo mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga. Kwa maelezo haya, katika nchi ambayo mtoto ni wa mama, wanaume walijitengenezea mamlaka yao wenyewe kwa mti, nguo na hofu.

Siyakatai maelezo hayo. Hofu ilikuwapo, na bibi wengi walikimbia kwa kweli. Ila yana pengo: yanawafanya wanawake wa uwanda kuwa watu wasiojua miguu ya waume zao. Mama anayeweza kumtambua mwanawe kwa kikohozi gizani hashindwi kumtambua chini ya nguo mchana. Wanawake walijua na walinyamaza, na kunyamaza huko kulikuwa mchango wao katika ngoma. Bila kimya chao hakuna siri, na bila siri hakuna lipiko. Ukimya wa namna hiyo una bei. Anayeshikilia siri yako anaweza kukucheka ukicheza vibaya, nawe huna pa kushtaki.

Tena wao hawakuishia kunyamaza. Ng'ambo ya Ruvuma, katika wilaya za Nangade, Mueda na Muidumbe, wanawake waliunda kinyago chao wenyewe kiitwacho lingundumbwe, wakakicheza wakijibu lipiko la wanaume. Mwanahistoria Paolo Israel, mwandishi wa kitabu kikubwa cha mwaka 2014 juu ya mapiko ya Msumbiji, ameifuatilia historia ya kinyago hicho tangu miaka ya 1950. Na upande wetu, ndani ya unyago ambako mwanamume hakanyagi, wanawake wanaomfunda mwari huigiza wanaume, mwendo wao na majivuno yao. Kwa hiyo si kweli kwamba jinsia moja ilipewa ruhusa ya kuivaa nyingine. Ruhusa ilikuwa ya pande mbili, ila ya wanaume ilitolewa uwanjani na ya wanawake ilifungiwa ndani. Tofauti hiyo ya mahali, kwangu, ndiyo hoja ya haki iliyobaki bila kujibiwa katika ngoma zetu za kusini.

Watu wa nje walianza kuyaona haya mapema. Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipanda kutoka Lindi hadi Masasi na Newala mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijapoa. Alipiga picha, alirekodi nyimbo kwenye mitungi ya nta, alichukua hata picha za sinema, miongoni mwa za kwanza kabisa katika nchi hii, na aliondoka na vinyago. Kitabu chake kilitoka Ujerumani mwaka 1908. Kinasaidia sana na kinauma kukisoma, kwa sababu aliyatazama mambo kwa makini huku akiwatazama watu kutoka juu.

Mwaka huo huo wa 1906 Wabenediktini walianzisha misheni Ndanda, baada ya kituo chao cha Nyangao kuchomwa katika vita. Masasi ilikwisha kuwa na misheni ya Waanglikana tangu 1876, iliyoanza kama makazi ya watumwa waliokombolewa. Misheni hizi mbili ndizo zilizoamua, kwa nusu karne iliyofuata, nani anaweza kucheza na bado akapokea sakramenti. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi kutoka 1926 hadi 1944, ndiye anayekumbukwa zaidi: hata kabla ya uaskofu alisimamia jando la Kikristo, kambi ikabarikiwa na padre, sala zikachukua nafasi ya matambiko ya mizimu. Alieleza wazi kwamba kuifuta mila kabisa kungewaacha vijana bila malezi. Alikuwa sahihi. Hata hivyo, jando lililopitia mikononi mwa mapadre lilimsogeza mchezaji wa kinyago pembeni. Alibaki nje ya ua wa kanisa, akicheza kwa ajili ya wale wale waliotoka misa asubuhi.

Maisha ya mchezaji leo yanafuata korosho. Mavuno huanza Oktoba hivi, minada ya stakabadhi ghalani hufuata, na fedha zikishaingia ndipo familia huthubutu kutangaza ngoma, kwa sababu mwari mmoja anahitaji nguo, chakula cha wageni, ngariba au hospitali, manyakanga na wapigaji. Bei ikianguka au malipo yakichelewa, mwaka wa ngoma nao huchelewa. Mnamo Novemba 2018 serikali ilipowaondoa wanunuzi binafsi, ikatuma jeshi kukusanya korosho kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, mazungumzo vijijini hayakuwa ya uchumi peke yake. Yalikuwa pia ya lini watoto watatolewa. Kalenda ya shule nayo imeingia. Zamani wari walikaa porini miezi. Sasa jando na unyago hubanwa katika likizo za Juni na Desemba, na viongozi wa elimu wa Mtwara na Lindi hawachoki kuwakumbusha wazazi kwamba ngoma isimtoe mtoto darasani. Wana haki. Lakini matokeo yake kwa mchezaji ni kwamba vijiji vyote vinamtaka katika majuma machache yale yale, na mwaka uliobaki hana uwanja.

Hakuna anayeishi kwa kinyago. Malipo yako ya aina mbili. Kuna yale yanayopatanwa na wenye ngoma kabla hajatoka: kuku, pombe, fedha. Kuna na yale ya papo kwa papo, anapogoma katikati ya uwanja, akaketi au akageuza mgongo mpaka atunzwe. Kugoma huku si uchoyo, ni sehemu ya mchezo, na hapo ndipo utakapoona wazi nani mwenye mamlaka. Wanaokuja kumtunza kinyago cha kike ni akina mama, na hawatoi kabla hawajaridhika. Mchezaji anayetikisa tumbo ovyo, kana kwamba mimba ni gunia lililofungwa mbele, hupata vicheko na noti chache. Anayeshuka taratibu, akaweka mkono nyuma ya kiuno na kusubiri pumzi irudi, huvishwa kanga begani. Mafunzo ya kazi hii kwa kiasi kikubwa ni kuangalia: kumwangalia mkubwa wako kichakani, na kumwangalia dada yako anaporudi na ndoo.

Sanaa ya mwanamume kucheza nafasi ya mwanamke ni ya dunia nzima, na kulinganisha kunasaidia ikiwa hatuyachanganyi mambo. Japani ilipowapiga marufuku wanawake jukwaani mwaka 1629, wanaume wa kabuki waliendeleza nafasi za kike mpaka zikawa fani ya kurithishana. Uingereza ya Shakespeare iliwatumia wavulana mpaka 1660. Katika visa hivyo mwanamume alipanda kwa sababu mwanamke amezuiwa. Kilicho karibu nasi zaidi ni Gelede ya Wayoruba wa Nigeria na Benin, iliyomo katika orodha ya UNESCO tangu 2008: wanaume huvaa vinyago na viwiliwili vya kike, hata matiti ya mti, ili kuwaridhisha akina mama wazee, ambao nguvu zao za uhai na kifo zinaogopwa. Pale pia mwanamume anacheza akiangaliwa na wenye mamlaka juu yake. Nadhani watu wa uwanda wa Makonde na Wayoruba wangeelewana bila mkalimani.

Msomaji wa leo atauliza swali jingine, na ni haki aulize. Je, huyu ni sawa na wale wanaume wa miji ya Ulaya na Marekani wanaopanda jukwaani kwa mavazi ya kike, na ambao maandamano ya fahari ya kila Juni, yaliyoanza New York mwaka 1970, yamewafanya kuwa sura ya watu wa mapenzi ya jinsia moja wanaodai heshima? La. Midimu haimuulizi mchezaji anampenda nani, wala haitangazi chochote juu ya maisha yake. Akivua mti amevua. Lakini sipendi jibu hilo litumike vibaya. Katika Tanzania, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu kujamiiana kinyume cha maumbile, kina kifungo kisichopungua miaka 30 na kinachofika maisha, na Watanzania ambao kwao kuvuka mpaka wa jinsia si ngoma ya msimu bali ni nafsi yao hawana uwanja wa kusimama na kutunzwa. Waganda walithubutu kufanya sherehe yao ya kwanza ya fahari Entebbe mwaka 2012, na miaka iliyofuata polisi waliwavamia. Watafiti walioishi Mombasa katika miaka ya 1970 na 1980 waliandika juu ya wanaume waliovaa kike na kupiga ngoma katika harusi za Waswahili, wakijulikana na mtaa mzima. Historia ya pwani ni pana kuliko hotuba za majukwaani. Hata hivyo, kumshika mchezaji wa Newala na kumfanya ushahidi wa upande wowote, wa kuwapiga watu hao au wa kuwatetea, ni kumsemesha asichosema. Watu hao wanastahili usalama wao kama raia. Hawahitaji kwanza kutafutiwa babu aliyevaa kinyago.

Turudi uwanjani, kwa sababu uwanja wenyewe umehama. Baada ya uhuru, serikali iliyounda wizara ya utamaduni mwaka 1962 ilizikusanya ngoma za makabila na kuzifanya za taifa. Kusini ilitoa Sindimba, na Sindimba ikawa maarufu kuliko kusini yenyewe. Ilichezwa na kundi la taifa, ikafundishwa katika chuo cha sanaa cha Bagamoyo kilichofunguliwa 1981, ikawapokea wageni wa serikali uwanja wa ndege. Ngoma iliyokuwa na somo la unyago ndani yake ikawa viuno vya kupigiwa makofi, kisha watu wale wale waliopiga makofi wakalalamika kwamba ina matusi. Wachambuzi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama miongoni mwao, walieleza mapema hatari ya kuichukua ngoma na kuliacha kusudi lake kijijini. Hakuna mahali ambapo onyo hilo linafaa zaidi ya kwenye tumbo la mti. Mbele ya mtalii, mwanamume mwenye mimba ni kichekesho. Mtazamaji hana kipimo, basi mchezaji naye anatoa kile kinacholeta kicheko haraka.

Sisemi kicheko ni haramu. Lucas Mhavile, Joti wa Ze Comedy na baadaye Orijino Komedi, ameigiza mabibi na wasichana mbele ya nchi nzima kwa miaka, na anachekwa kwa upendo kwa sababu kila mmoja wetu ana bibi wa kumlinganisha naye. Runinga imempa mahakimu mamilioni wanaojua. Mchezaji wa lipiko aliyepelekwa hotelini hana hata mmoja.

Kwa hiyo tamasha la MaKuYa linanivutia kuliko majukwaa mengine. Lilianzishwa mjini Mtwara mwaka 2008 na shirika la ADEA, na jina lake limeunganishwa kutoka Makonde, Makua na Yao. Vikundi vinatoka wilayani, wazee wanakuja na vijana wao, na watazamaji wengi ni watu wa mkoa ule ule. Fahari inayoonekana pale ni ya watu waliozoea kutaniwa Dar es Salaam kwa chale za nyuso za babu zao, na ambao kwa siku chache wanakuwa wenyeji wa sherehe. Nina wasiwasi mmoja tu juu ya tamasha la aina hii, popote linapofanyika: muda. Kikundi hupewa dakika zake, mshereheshaji anatangaza kinachofuata, na ule mgomo wa mchezaji, ule wa kukaa chini mpaka atunzwe, unakatwa kwa kuwa unachelewesha ratiba. Pamoja nao unakatwa uamuzi wa akina mama.

Tunajali mti kuliko uamuzi huo, na nitatoa ushahidi. Mwaka 1984 wezi waliingia Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wakachukua vitu kadhaa pamoja na kinyago cha Kimakonde. Kinyago hicho kilinunuliwa Paris mwaka uliofuata na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 mtaalamu Enrico Castelli akakitambua. Ikachukua miaka 20 ya barua na vikao, Baraza la Kimataifa la Makumbusho likiwa katikati, mpaka Mei 2010 kikakabidhiwa kwa Tanzania. Ulikuwa ushindi halali, na waliouhangaikia wanastahili shukrani. Lakini hakuna aliyeandika barua hata moja kwa ajili ya wachezaji waliozeeka Newala na Tandahimba katika miaka hiyo 20 bila mrithi. Mwaka 2011 Tanzania iliridhia mkataba wa UNESCO wa urithi usioshikika, ambao unahusu hasa maarifa yaliyo ndani ya watu. Malawi, Zambia na Msumbiji wameutumia kuilinda Gule Wamkulu, ngoma ya vinyago ya Wachewa. Sisi tunayo midimu, na tunaye mtu anayejua jinsi ya kuibeba mimba ya mti.

Kazi ya kufanya si ngumu kuielewa. Orodha ya wachezaji na wachongaji wa Masasi, Newala na Tandahimba inaweza kufanywa na maofisa utamaduni wa wilaya zenyewe, maadamu ngoma hazichezwi bila wao kujua. Picha na sauti za Weule zilizoko Ujerumani zinaweza kuombwa kwa nakala na kurudishwa Newala zikasikilizwe na wajukuu wa walioimba. Unyago nao upewe heshima ile ile ya kuandikwa, na wanawake wenyewe waamue kipi kisemwe na kipi kibaki ndani, maana siri yao haijawahi kuwa duni kuliko ya wanaume. Na kila tamasha linalotaka kinyago cha kike liwasafirishe wanawake wa kijiji kinakotoka kinyago hicho, liwape viti vya mbele, na liache muda wa mgomo. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi ni kilomita 210. Basi moja linatosha, na wanaoandaa matamasha wamekwisha kulipa nauli za watu wenye maarifa machache kuliko hao.